Gari la Pro Street Huanzia Nyuma

Kwenye sakafu ya gereji yangu kuna mistari miwili ya chaki ya bluu iliyokatana katikati. Miaka sita imepita. Nimefagia, nimemwaga oili, nimepiga deki, na kila mistari hiyo inapotaka kufutika naichora upya. Kabla ya siku ilipochorwa nilikuwa na vipande vya gari. Gari lenyewe lilianza siku hiyo.

Ninaishi karibu na Peoria, Illinois, huku Marekani, na riziki yangu ni kuendesha lori la mizigo. Jioni moja ya kiangazi nilikuwa kituo cha mafuta najaza dizeli, ikaingia Chevrolet Camaro nyekundu ya miaka ya sitini. Mbele ilikuwa na matairi membamba sana, na boneti ilikuwa imetobolewa, mdomo wa hewa umechomoza juu. Hapo nilitazama tu. Ilipopita ndipo nikauona mgongo wake. Matairi ya nyuma yalikuwa mapana mpaka yamejaza chini yote ya gari; katikati ilibaki nafasi ya difu na mabomba mawili ya egzosi, basi. Na bado bodi ilikuwa imeyafunika yote, hakuna hata ukingo wa mpira uliochungulia nje ya madigadi. Mwenyewe alilipa, akawasha, na mlio ule niliusikia kifuani kabla haujafika masikioni. Kisha akaondoka taratibu, akafika kwenye taa, ikawa nyekundu, akasimama. Gari la mashindano, lina namba ya usajili, limesubiri taa nyuma ya basi la shule. Picha hiyo haikunitoka. Nililala nayo.

Baadaye nilijifunza kwamba mtindo ule unaitwa Pro Street na una asili yake. Mbio za dragi ni magari mawili, mstari ulionyooka, kwa desturi robo maili, yaani mita 402. Chama kikubwa cha mchezo huo, NHRA, kilianzishwa na Wally Parks mwaka 1951, na mwaka 1970 kikafungua daraja la Pro Stock: magari yenye sura ya yale unayoyaona barabarani, lakini chini ya ngozi ni mashine za mbio. Shindano la kwanza la daraja hilo alilishinda Bill Jenkins kwa Camaro. Vijana waliokaa kwenye majukwaa waliyatazama magari yale na kutamani kitu kimoja: kurudi nalo nyumbani, kwenda nalo kazini Jumatatu. Kabla ya hapo, aliyetaka tairi pana aliinua gari nyuma na kuacha mpira uchomoze nje. Watu wa Pro Street walifanya kinyume. Waliliacha gari lilale chini, wakakata ndani. Mwishoni mwa miaka ya sabini Scott Sullivan wa Dayton, Ohio, alijenga Chevrolet Nova ya 1967 kwa njia hiyo, kwa usafi uliowafanya wengine waone kwamba jambo hili linawezekana bila kulifanya gari kuwa takataka. Mimi naihesabu ile kuwa moja ya kazi nzuri kabisa zilizowahi kufanywa na fundi wa magari ya mtaani.

Basi na mimi nikanunua Nova, ya mwaka 1971, bila injini, sakafu imeoza upande wa dereva. Na hapo hapo nikakosea.

Kitu cha kwanza nilichonunua baada ya bodi kilikuwa blowa. Ni ile mashine inayokaa juu ya injini na kuishindilia hewa, inayozungushwa kwa mkanda mpana mbele. Ndiyo inayoonekana imesimama juu ya boneti kwenye kila picha. Yangu ni ya namba 6-71, na namba hiyo ina hadithi ninayoipenda, hasa kwa kuwa mimi ni mtu wa malori. Mashine hizi hazikubuniwa kwa ajili ya mbio. Zilitengenezwa kwa injini za dizeli za General Motors za mizunguko miwili, zilizosukuma malori na mabasi. Injini ya namna hiyo haiwezi kuvuta pumzi yenyewe, lazima ipulizwe. Sita ni idadi ya silinda, na 71 ni ujazo wa kila silinda kwa inchi za ujazo. Watu wa mbio waliziokota kwenye majunki ya malori wakazipandisha juu ya injini za petroli. Kwa hiyo nilikuwa na kipande cha historia ya kazi yangu mwenyewe, nacho kilikaa juu ya meza ya gereji mwaka mzima na zaidi. Kila Jumamosi nilikipiga brashi na kukisugua mpaka kikawaka kama kioo. Nova ilikuwa pembeni, imefunikwa turubai.

Jirani yangu wa nyumba ya tatu ni mchomeleaji mstaafu. Miaka ya sabini alikuwa akishindana dragi mwenyewe. Mimi humwita Mzee, kwa Kiswahili. Nilipomweleza maana yake alifurahi, na siku hizi hata mke wake anamwita hivyo. Alikuja siku moja kuazima jeki, akaiona blowa, akaisifu. Akafunua turubai, akainama chini ya gari kwa nyuma, akakaa huko muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Tairi zako za nyuma ziko wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia bado, nitanunua mwishoni, pesa ikipatikana.

"Hujaanza, basi," akasema. "Gari hili hujengwa kutoka kwenye tairi la nyuma kwenda mbele. Tairi ndilo litakalokwambia ekseli iwe na urefu gani, ekseli itakwambia chesisi ipite wapi, chesisi itakwambia tanki na kiti vikae wapi. Injini ni ya mwisho. Injini inakaa popote."

Niliuza taa, rimu za mapambo na viti nilivyokuwa nimenunua, nikanunua matairi mawili: kimo inchi 31, upana inchi 18 na nusu, kwa rimu ya inchi 15. Nilipoliegemeza moja ukutani na kusimama kando yake, nilielewa kwa nini Mzee alikaa muda mrefu chini ya gari. Hakukuwa na mahali pa kuliweka.

Nova ya miaka ile ina fremu fupi mbele iliyofungwa kwa bolti. Kuanzia kwenye sakafu kwenda nyuma, bodi yenyewe ndiyo chesisi. Ili tairi pana liingie, lazima uikate sakafu ya nyuma na mihimili yake, uingize mihimili mipya ya bomba la mraba karibu zaidi na katikati, kisha ufunike matairi kwa mabeseni makubwa ya chuma yanayoingia mpaka ndani ya gari. Kiti cha nyuma hakipo tena. Ekseli nayo inafupishwa pande zote mbili. Wengi hutumia difu ya Ford ya inchi tisa, ile iliyotoka mwaka 1957, hata kwenye Chevrolet, na hakuna anayeona aibu. Ni ngumu, kichwa chake kinatoka kwa mbele hivyo kubadilisha gia ni rahisi, na shafti zake zinashikiliwa kwa nje kwenye beringi. Hilo la mwisho lilikuja kuniokoa.

Siku niliyowasha mashine ya kukatia, nilisimama na kinga ya macho usoni kwa dakika kadhaa kabla ya kugusa chuma. Ukishakata mhimili wa nyuma, gari si gari tena mpaka umalize.

Tulifunga mihimili, tukaunganisha mabomba ya kuishikilia ekseli, tukachomelea. Kwangu kazi ilikuwa imekwisha. Mzee akaleta timazi, ile ile ya mafundi wa nyumba, pamoja na uzi wa chaki. Gari lilikuwa kwenye stendi, limewekwa kwenye kimo kile kile litakachotembea nacho, springi zimebanwa. Alikuwa mkali sana kwa hilo, kwa sababu ekseli inayoning'inia haikai mahali pale inapokaa ikiwa imebeba uzito. Akateremsha timazi kutoka kwenye tundu mbili za fremu ya mbele, kulia na kushoto, akasubiri itulie kabisa, akatia alama sakafuni. Akafanya vivyo hivyo kwenye ncha mbili za ekseli. Kisha tukavuta uzi kutoka alama ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto, akauinua kwa vidole viwili na kuuachia. Tap! Mstari wa bluu. Tukavuta wa pili. Tukapima kwa tepu.

Ekseli ikikaa sawa, mistari hiyo miwili hulingana urefu. Yetu ilipishana milimita 11.

Niliona ni kidogo. Na mabomba yale yana skrubu mbele za kurefusha na kufupisha. Nikasema tuzungushe skrubu, ikae sawa, tumalize. Mzee hakupandisha sauti. Alisema skrubu ni ya kurekebisha, haikuwekwa pale kuficha kosa. Milimita 11 nyuma, kwenye gari litakalosukumwa na nguvu zote hizo, maana yake ni gari linalokwenda upande kama kaa, na dereva anayeshika usukani umepinda ili aende moja kwa moja. Tukakata vishikizo viwili, tukasaga, tukapanga upya, tukachomelea tukiwa tunapima kila baada ya sentimita chache, kwa sababu chuma kikipata moto kinavuta. Saa saba usiku mistari ilipishana chini ya milimita moja. Nikazipitia alama zote kwa chaki nyingine nene zaidi, na ndizo hizi ninazozihifadhi.

Injini, blowa, rangi, nyaya: sitaeleza sana. Ilikuwa kazi ndefu, lakini kazi ya kawaida. Injini ni Chevrolet ya inchi za ujazo 454, ukandamizaji nimeushusha hadi karibu nane kwa moja ili ikubali hewa ya blowa kwa petroli ya kituoni.

Siku ya kwanza barabarani ilikuwa mbaya.

Nilikuwa nimejenga kila kitu kwa kufuata magari ya uwanjani. Gia ya difu ilikuwa 4.56, yaani shafti inayotoka mbele huzunguka mara 4.56 tairi likizunguka mara moja, nzuri kwa kutoka kwenye mstari. Kwenye barabara kuu, kwa kilomita 100 kwa saa na tairi langu la inchi 31, injini ilikuwa inazunguka zaidi ya mara 3,000 kwa dakika na hakuna gia nyingine ya kupanda. Nilikuwa nikipiga kelele kujisikia mwenyewe. Kwenye foleni mshale wa joto ulipanda bila kusimama, na kabla sijafika makutano ya tatu gari likachemsha. Ndani ya difu nilikuwa nimeweka spuli, kile kipande kinachofunga shafti mbili ziwe kama moja. Kwenye mstari ulionyooka hakina mpinzani. Ukikata kona, tairi la nje linataka kwenda mbali kuliko la ndani, na spuli inakataa, kwa hiyo mpira unaburuzwa na shafti inasokotwa. Wiki ya tatu, kwenye maegesho ya duka, nikiingia taratibu kabisa, nilisikia mlio kama wa fimbo kavu ikivunjwa. Shafti ya kulia ilikuwa imekatika. Tairi lilibaki mahali pake kwa sababu ya zile beringi za nje nilizozitaja. Kwenye ekseli za aina nyingine, ambazo shafti hushikiliwa ndani na kipini kidogo tu, tairi lingetoka likiwa na shafti yake.

Gari likaingia gereji, likakaa miezi minane. Nilikuwa nalifuta vumbi.

Katika miezi hiyo nilikwenda Du Quoin, kusini mwa Illinois, kwenye mkusanyiko wa Street Machine Nationals. Mkusanyiko huo ulianzia Indianapolis mwaka 1977 na ndiko mtindo huu ulikokulia. Nilikwenda kama mtazamaji. Niliona kazi za mikono ambazo zilinifanya nivue kofia. Niliona pia magari yakishushwa kutoka kwenye trela kwa winchi, yakisukumwa kwa mikono hadi kwenye nyasi, yakikaa siku tatu na kurudishwa kwenye trela bila kuwashwa. Wazee tuliokaa nao walinisimulia kwamba ndivyo mtindo ulivyochoka mwanzoni mwa miaka ya tisini. Miaka ya themanini ilikuwa ya kushindana kupita kiasi. Rick Dobbertin alichukua Pontiac J2000, gari dogo la familia linalovutwa na matairi ya mbele, akaligeuza livutwe na ya nyuma, akaweka blowa, turbo mbili na nitrasi, ile gesi ya kuongezea injini nguvu, kwa pamoja, kila bomba limeng'arishwa. Naiheshimu sana kazi ile. Ni uhunzi wa daraja la juu. Ila waliomfuata walichukua mng'aro wakaacha safari, na neno "Street" likabaki kwenye jina peke yake.

Aliyelirudisha neno hilo, kwa maoni yangu, ni jarida la Hot Rod lilipoanzisha Drag Week mwaka 2005. Siku tano, viwanja vya mbio mbalimbali, na kati ya uwanja na uwanja unaendesha gari lile lile kwenye barabara za kawaida, karibu maili 1,000 kwa jumla, vipuri na spana umebeba mwenyewe, bila gari la msaada nyuma yako. Injini inayokimbia vizuri lakini inachemsha kwenye foleni haifiki Ijumaa.

Nilirudi nyumbani nikatoa spuli. Niliweka difu inayoruhusu matairi kupishana kwenye kona lakini inayabana yote mawili nikikanyaga. Gia nikashusha hadi 3.50, na kwa kilomita 100 injini sasa inazunguka kama mara 2,350. Rejeta nikabadilisha, pana zaidi, ya alumini, na hapa niseme jambo ambalo lingeniokolea majira mazima: feni mbili nilikuwa nazo tangu awali, lakini hazikuwa na kava la kuzizunguka, hivyo zilikuwa zinavuta hewa ya pembeni badala ya ile inayopita kwenye rejeta. Kava la bati nililolikunja mwenyewe lilifanya kazi kubwa kuliko rejeta mpya. Breki za mbele pia nikaongeza. Matairi ya mbele ni membamba, na ukifunga breki uzito wote unakimbilia huko. Gari linalosimama vibaya sitalipandisha mtu wangu yeyote.

Kukanyaga mafuta mpaka mwisho nafanya uwanjani peke yake. Barabara ya umma ina watoto na wazee, haina vyuma vya pembeni wala gari la wagonjwa linalosubiri. Uwanjani nimekwenda mara nyingi sasa. Wakaguzi wanakagua kofia, mikanda, na kizimba cha mabomba ndani ya gari, ambacho sheria hukidai muda wako ukishuka chini ya kiwango fulani. Mimi sishuki huko, ila nilikichomelea tangu mwanzo kwa sababu kinaikaza bodi. Muda wangu mzuri wa robo maili ni sekunde 11.62. Na niseme ukweli ambao wapenzi wa picha hawapendi kuusikia: tairi pana la mtaani halishiki kama tairi jembamba la kisasa la dragi. Mpira wake ni mgumu, na lenyewe ni zito. Ningeweka jembamba ningekwenda haraka zaidi. Sitaweka. Kile nilichokiona kituo cha mafuta jioni ile kilikuwa mgongo wa gari, na mgongo huo ndio nilioukatia chuma.

Mwaka uliofuata nilikwenda tena Du Quoin, safari hii kwa Nova, na binti yangu wa miaka 16 kiti cha kulia, masikio ameziba kwa vidude vya sponji. Ni zaidi ya kilomita 300. Kwenye barabara zenye mifereji iliyochimbwa na malori matairi yalikuwa yanafuata mifereji yenyewe, na nilijifunza kuushika usukani kwa wepesi, nikiliacha litafute njia kidogo kisha kulirudisha. Mshale wa joto haukupanda. Mzee alikuwa nyuma yetu na gari lake dogo, akidai kwamba anakwenda kuona marafiki.

Wakati wa kurudi, mvua ikatukuta. Tairi la upana ule juu ya maji linaelea kama ubao, kwa hiyo tone la pili tu nilikuwa nimeshaingia kituo cha mafuta na kuegesha chini ya paa. Tulikaa zaidi ya saa mbili. Mzee akalala kwenye gari lake. Binti yangu alizunguka Nova mara kadhaa, akachuchumaa nyuma, akauliza difu inafanyaje kazi, nikamchorea kwa kidole kwenye vumbi la boneti. Akauliza ile shafti ilikatika wapi hasa. Nikamwonyesha.

Mvua ilipokata tulisubiri bado. Lami ilikuwa nyeusi, ikaanza kuwa kijivu kwa mabaka, kisha mabaka yakakutana. Akatembea mpaka ukingoni mwa barabara, akainama, akaweka kiganja chini na kukiacha hapo.

"Baba, imekauka."

Nikamgongea Mzee kioo, tukawasha.